BAHASHA NA BARUA

Bismillahi r-Rahmani r-Rahim. Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa siri na dhahiri, ambaye pamoja na kuyajua yote ya waja wake huwasitiria mengi. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake.

Amma baad. Mtu akitaka kujua namna wazee wa kale walivyouthamini usitiri, na avuke Kilwa Kisiwani akayatazame magofu. Husuni Kubwa, aliyoijenga Sultani al-Hasan bin Sulaiman katika karne ya 14 ya Kizungu, yule ambaye Ibn Battuta alifika kwake mwaka 1331 akamsifu kwa ukarimu, ina sehemu ya watu wote na sehemu ya mwenyewe. Na nyumba za mawe za Songo Mnara, upande wa kusini, zimepangwa kwa tartibu hiyo hiyo: kwanza mlango na ua, kisha vyumba vya mbele, na nyuma yake kabisa chumba cha ndani ambacho hapiti mgeni illa kwa idhini. Waliojenga hivyo hawakuwa watu wa kuficha maovu. Walikuwa watu wenye haya, na walijua kuwa kila jambo lina mahali pake.

Leo mtu wa Kisiwani huo huo akipanda dau kuvuka kwenda Masoko, huchukua mfukoni kitu kisichokuwa na chumba cha ndani. Simu yake, hatta akiwa hakusema nayo neno, hujuulisha minara mahali alipo. Na akisema nayo, kampuni ya simu huandika nambari iliyopiga, na nambari iliyopigwa, na saa, na muda wa maneno, na mnara uliopokea. Akituma fedha kwa simu, huandikwa kiasi, na aliyepelekewa, na wakala aliyetoa. Maneno yenyewe hayaandikwi katika daftari hilo. Ni khabari za nje tu, mfano wa bahasha ya posta ambayo juu yake mna jina la mpelekaji, na jina la mpelekewa, na mhuri wa mji na tarehe, na barua imo ndani haijafunguliwa.

Basi hapa pana suali ambalo yampasa Muislamu alizingatie: je, mwenye kuisoma bahasha na asiifungue barua, huyo ni mpelelezi aliyekatazwa, au hana lawama?

Wako wasemao hana lawama. Husema: maneno ya mtu hayakusikilizwa, siri yake haikuguswa, na aliyoandika juu ya bahasha ameyaandika mwenyewe ili tarishi ayaone. Hoja hii kwa nje ina sura njema, lakini ikichunguzwa hukutwa ni dhaifu.

Na uchukuliwe mfano. Mtu mmoja yuko nyumbani kwake, na saa tisa ya usiku hupigiwa simu kutoka hospitali ya Kinyonga, kwa muda wa dakika moja. Palepale humpigia ndugu yake wa Lindi, kisha ami yake wa Dar es Salaam, kisha imamu wa msikiti, kisha muuza bafta. Kulipokucha, fedha kidogo kidogo zamjia kutoka kwa watu ishirini. Mwenye kuliangalia daftari lile hakusikia hatta neno moja, naye ajua kuwa mtu amefiwa, na ajua saa, na ajua nani walio karibu naye na nani waliomsaidia. Na mwingine humpigia wakili, kisha kadhi, kisha baba wa mkewe: hapana haja ya kuambiwa kuwa nyumba ile ina mzozo. Na mwingine kila mwezi, siku ile ile, simu yake huonekana karibu na kliniki moja, naye amewaficha hatta watoto wake maradhi yake. Bahasha imesema yote, na barua haijafunguliwa.

Wenye kazi hiyo wameyakiri wenyewe. Mwaka 2014 Jemadari Michael Hayden, aliyekuwa mkuu wa idara mbili za upelelezi za Marekani, alisema mbele ya watu katika mdahalo kwamba dola yake huua watu kwa kutegemea khabari za namna hii, yaani khabari za bahasha. Na mwaka uliotangulia, 2013, wataalamu walichunguza nyendo za simu za watu milioni 1 na nusu katika nchi moja ya Ulaya kwa muda wa miezi 15, majina yakiwa yameondolewa. Wakaona kuwa mahali panne na saa nne tu zatosha kumpambanua mtu mmoja na wenziwe wote, katika watu 95 kwa kila 100. Kwa hivyo kumfuta mtu jina si kumsitiri, kwani njia zake ndizo jina lake.

Na watu wa Kilwa wana sababu ya kulifahamu jambo hili kabla ya wengine. Mwaka 1895 Wadachi walimkamata Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga kwa muda mrefu, wakamnyonga Kilwa Kivinje. Katika vitu vilivyokutwa kwake zilikuwamo barua, nazo ziliwaponza wakubwa wa mji waliokuwa wakiandikiana naye. Na msomaji azingatie: mbele ya mwenye nguvu aliyekasirika, kule kuonekana tu jina la mtu katika kasha la barua la adui ni jambo zito, hatta kabla haijasomwa barua imesema nini. Huyu huenda aliandika kudai deni lake, na huyu kujibu salamu, na huyu kula njama. Hasira haina subira ya kupambanua. Tena kasha lile alilikusanya Makunganya mwenyewe, na alikuwa na uwezo wa kulichoma. Kasha la leo hukusanywa na mwingine, kwa watu wote, wenye hatia na wasiokuwa na hatia, na mwenyewe hana ufunguo wake.

Ama sharia za nchi, zimekuja kwa daraja. Sharia ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 ililazimisha kila laini ya simu iandikishwe kwa jina la mwenyewe. Sharia ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ikampa mkuu wa kituo cha polisi uwezo wa kutoa amri ya kudai khabari kwa anayezihifadhi, kwa ajili ya upelelezi wa kosa, pasipo kwenda kwanza kwa hakimu. Mwaka 2019 watu wakaamrishwa kuandikisha laini upya kwa alama za vidole na nambari ya kitambulisho cha taifa. Muda ulikuwa ukome tarehe 31 Desemba, ukasogezwa mpaka 20 Januari 2020, na ambao hawakuwahi laini zao zikafungwa. Tangu hapo, bahasha haina tena jina la kubuni: ina kidole cha mtu.

Na upande wa pili wa mizani upo. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 16, imempa kila mtu haki ya kuhifadhiwa nafsi yake, na maisha yake ya faragha, na jamaa zake, na maskani yake, na mawasiliano yake. Na mwaka 2022 ilitungwa Sharia ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa tarehe 3 Aprili 2024. Lakini ndani ya sharia hiyo mna milango iliyoachwa wazi kwa ajili ya usalama wa nchi na kuzuia makosa. Basi jambo lote larejea kwenye suali moja: ni nani ashikaye ufunguo wa milango hiyo, na ni nani amwulizaye?

Khatari yake si ya kufikirika tu. Tarehe 7 Septemba 2017 Bwana Tundu Lissu, aliyekuwa mbunge na rais wa Chama cha Mawakili cha Tanganyika, alipigwa risasi nyingi mbele ya makazi yake Dodoma, na Mwenyezi Mungu akamwokoa. Mwaka 2024 ikasikiwa katika baraza la mashauri ya kazi mjini London dawa ya mtu aliyekuwa mfanyakazi wa Millicom, kampuni ya kigeni iliyokuwa ikimiliki kampuni ya simu ya Tigo katika Tanzania mpaka ilipoiuza mwaka 2022. Mtu huyo alidai kuwa, katika wiki za kabla ya shambulio, khabari za simu za Bwana Lissu, yaani mahali alipo na watu aliosema nao, zilikuwa zikipelekwa kwa serkali. Haya ni madai, na Muislamu hamhukumu mtu kwa madai. Hatta ulipofika mwaka huo hakuna aliyefikishwa mahkamani kwa risasi zile. Lakini mwenye akili hahitaji hukumu ili aone kwamba khabari ya mahali alipo mtu, ikifika mkononi mwa asiyemtakia kheri, ni upanga.

Sasa na isikizwe hoja ya mtawala, kwani uadilifu ni kusikiza pande zote. Mtawala husema: juu yangu pana amana ya roho za watu. Na hili ni kweli, na watu wa pwani ya kusini walijua kuliko wengine. Katika Kibiti na Rufiji, kaskazini ya Kilwa, waliuawa viongozi wa vijiji mmoja baada ya mmoja, na tarehe 13 Aprili 2017 wakauawa polisi wanane kwa mara moja. Na mwezi wa Oktoba 2020 wauaji kutoka ng'ambo ya Ruvuma waliingia kijiji cha Kitaya katika Mtwara. Mtu aliyefiwa na baba yake katika mauaji yale, akiambiwa kuwa daftari la simu lingeweza kumfichua muuaji, hawezi kuambiwa kuwa daftari lile lisifunguliwe kabisa. Damu ya Muislamu ina haki, na damu ya asiyekuwa Muislamu aliye katika amani ina haki.

Maulamaa hawakulisahau hili. Imamu al-Mawardi, katika kitabu chake cha hukumu za utawala, amepambanua namna mbili. Mambo yaliyofichika, ambayo hayakudhihiri, mwenye kusimamia hisba hana ruhusa ya kuyapekua wala kupasua sitara za watu. Illa likiwa ni jambo ambalo likipita halirudishiki, kama vile mtu mwaminifu akatoa khabari kwamba fulani amejitenga na fulani ili amwue: hapo yajuzu kupeleleza na kuwahi. Na msomaji autazame mfano huu namna ulivyofungwa kwa masharti. Jambo lenyewe ni kubwa. Khabari imetoka kwa mwaminifu. Anayetafutwa ni mtu maalumu, si mji mzima. Na upelelezi una mwisho wake: roho ikiokoka, sitara hurudi mahali pake.

Basi kipimo kimepatikana. Kulifungua daftari la mtu mmoja anayetuhumiwa kwa damu, kwa amri ya hakimu asiyekuwa yule yule mpelelezi, na kwa muda uliowekwa, hilo lina mlango katika sharia. Ama kuyakusanya madaftari ya watu wote na kuyafungua kwa mkono mmoja, ili atazamwe nani amesema na nani na huenda likapatikana kosa, huo si mlango uliofunguliwa na al-Mawardi. Huo ni ukuta uliorukwa.

Na kuruka ukuta kuna kisa mashuhuri, alichokitaja Imamu al-Ghazali katika Ihya. Imesimuliwa kuwa Sayyidna Umar, naye ni khalifa, alipanda ukuta wa nyumba ya mtu usiku, akamkuta katika maasia, akamkemea. Yule mtu akamjibu kuwa yeye amemuasi Mungu kwa jambo moja, na Umar kwa matatu: amepeleleza, na Mungu amekataza kupeleleza; ameingia juu ya ukuta, na Mungu ameamrisha majumba yaingiwe kwa milango yake; na ameingia pasipo kubisha hodi wala kutoa salamu. Umar akanyamaa, akamwacha kwa sharti ya kutubu. Huyo ndiye Umar ambaye shetani alikuwa akiikimbia njia yake. Aliambiwa na raia mwenye kosa kuwa yeye amekosa zaidi, naye asimwite mhaini wala asimtie kifungoni. Kama ukuta ulikuwa haramu kwa Umar, na nia yake njema ikijulikana, hauwezi kuwa halali kwa karani asiyejulikana nia yake.

Imebaki hoja moja inayosemwa sana barazani: asiyekuwa na baya hana cha kuogopa. Maneno haya ni mepesi ulimini. Lakini katika Surat an-Nur Mwenyezi Mungu ameamrisha kuwa hatta watumwa na watoto wadogo wa nyumbani waombe idhini katika nyakati tatu: kabla ya sala ya alfajiri, na wakati wa adhuhuri watu wavuapo nguo, na baada ya sala ya isha. Katika nyakati hizo watu hawafanyi baya. Wamelala, au wako na wake zao wa halali, au wamepumzika. Hodi haikuwekwa kwa ajili ya kumlinda mwovu na uovu wake. Imewekwa kwa ajili ya haki ya mtu kuwa na saa zisizotazamwa na macho ya mwingine. Asemaye kuwa hana cha kuogopa, na aulizwe kama yu radhi mlango wa chumba chake uondolewe.

Tena pana jambo la ndani zaidi. Amali huhukumiwa kwa nia, na hiyo ni hadithi ambayo kila mtoto wa chuoni aijua. Daftari la simu laijua amali na haliijui nia. Laonyesha kuwa fulani alisema na fulani aliyekuja kukutwa na kosa. Halionyeshi kuwa alikuwa akimkanya. Laonyesha kuwa simu ilikuwa karibu na mahali pa fitina. Halionyeshi kuwa mwenyewe alikuwa akipita kwenda kumtazama mgonjwa. Aya ya 12 ya Surat al-Hujurat imekataza kwanza dhana nyingi, kisha ikakataza kupelelezana, kisha kusengenyana, kwani dhana huzaa upelelezi, na upelelezi huzaa maneno. Katika zama hizi mambo yamegeuka: upelelezi umetangulia, kwa kuwa kila mtu huandikwa kabla ya kutuhumiwa, na dhana huja baadaye kuchagua katika yaliyoandikwa. Na mwenye kutafuta dhana katika kasha lenye mambo ya watu wote hakosi kuipata.

Na madhara yake hayaishii kwa mmoja. Katika hadithi iliyopokewa na Muawiya, Mtume (s.a.w.) amebainisha kuwa mwenye kufuatia aibu za watu huwafisidi au hukaribia kuwafisidi. Mwaka 2011 ilifichuka kuwa polisi wa New York walikuwa wakipeleleza misikiti na mikahawa na vyama vya wanafunzi vya Waislamu. Na mwaka 2012 mkubwa wao alikiri katika ushahidi wa kiapo kuwa kazi ya kikosi kile haikuzaa hatta tuhuma moja ya ugaidi. Kilichozaliwa ni khofu ya mtu na mwenziwe katika safu moja ya sala. Na mwezi wa Novemba 2020 ikajulikana kuwa programu ya simu iitwayo Muslim Pro, waliyokuwa wakiitumia mamilioni kwa nyakati za sala na kibla, ilikuwa ikiipa kampuni ya wauza khabari mahali walipo watu, na wanunuzi wake walikuwamo wenye mikataba na jeshi la Marekani. Wenyewe wakasema wameukata uhusiano ule. Lakini mtu alikuwa ametafuta kibla, naye akatafutwa.

Sasa yampasa Muislamu ajitazame mwenyewe kabla ya kumtazama mtawala, kwani haifai kudai amana kwa mwingine na kuikhini nyumbani. Kijana aliyeajiriwa katika kampuni ya simu, akaombwa na rafiki yake amtolee orodha ya watu wanaosema na mchumba wake, akaitoa, huyo amekhini watu wawili na mwajiri wake. Wakala wa fedha anayesoma daftari lake kwa sauti barazani, akisema fulani amepelekewa kiasi kadha na mwanawe wa Muscat, naye ni katika hao. Mume anayechukua simu ya mkewe usiku kuzitazama nambari ameruka ukuta wa nyumba yake mwenyewe. Vikao ni amana, na nambari zilizomo katika simu ni vikao.

Na pana la kufanya. Mtu asimwandikishie mwingine laini kwa kidole chake, kwani kosa la yule litaandikwa kwa jina lake. Na apige *106# ajue ni laini ngapi zilizoandikishwa kwa kitambulisho chake, na asizozijua akazikanushe. Aliyedhulumiwa katika khabari zake na apeleke mashitaka kwa Tume iliyowekwa na sharia. Na wenye elimu na mawakili na wabunge wa pwani wasione haya kudai, kwa adabu na kwa hoja, kwamba mkuu wa kituo asiwe yeye ndiye mwenye kushuku na yeye ndiye mwenye kuidhinisha, bali hakimu awe kati yao. Kudai hivyo si uasi. Yule mtu wa usiku alimwambia hivyo Amirul-Muuminina.

Na siku itakuja ambayo daftari la kila mtu litafunguliwa, pasiachwe dogo wala kubwa. Lakini daftari hilo liko kwa Mwenye kujua nia pamoja na amali, asiyedhulumu, na ambaye amemuahidi mwenye kumsitiri nduguye duniani kuwa atamsitiri akhera. Mwanadamu aliyejitwalia daftari kama hilo, na hali elimu ya nia hakupewa, amejitwika mzigo ambao mbingu hazikumtwisha.

Mwenyezi Mungu azisitiri aibu za Waislamu, na awape watawala uadilifu, na raia uaminifu. Wallahu aalam.